Beryl Markham: Jina kubwa angani, mfuko mtupu uzeeni

Siku moja ya soko hapa Mpondwe, mama mmoja anayevusha chumvi na sabuni kwenda Kasindi alinisimamisha kando ya barabara. Binti yake amemaliza kidato cha sita, amefaulu hesabu na fizikia, na sasa anataka kuwa rubani. Mama ana kiwanja mjini Bwera, na mnunuzi amekwishapatikana. Alitaka nimwambie jambo moja tu kabla hajatia saini: je, ni kweli kwamba marubani wanalipwa vizuri?

Nilimwomba anipe wiki moja. Nilirudi nyumbani nikimfikiria mwanamke ambaye habari zake nilizisikia nikiwa mwanafunzi uhamishoni Kenya, upande wa Njoro, ambako wazee bado walimkumbuka. Mwanamke huyo ni Beryl Markham.

Beryl alizaliwa Uingereza mwaka 1902. Akiwa mtoto mdogo aliletwa Kenya, ambapo baba yake, Charles Clutterbuck, alifungua shamba Njoro na kufuga farasi wa mashindano. Mama yake alirejea Ulaya. Mtoto akakua akicheza na kuwinda pamoja na vijana wa Kiafrika, akizungumza nao Kiswahili. Ukame ulipoliangusha shamba, baba alihamia Peru. Beryl, akiwa na umri wa miaka 18 hivi, alibaki Kenya na kupata leseni ya kufundisha farasi wa mashindano. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza. Naomba msomaji aikumbuke, kwa maana tutairudia.

Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha mjini Nairobi shirika la ndege la Wilson Airways. Uwanja wa Wilson unabeba jina lake hadi leo. Rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black, na huyo ndiye aliyemfundisha Beryl kurusha ndege. Haikuwa kazi ya mchezo. Mwezi Mei 1931 rafiki yao, Denys Finch Hatton, alifariki ndege yake ilipoanguka Voi. Beryl hakurudi nyuma. Mwaka 1932 alisafiri peke yake kwa ndege ndogo kutoka Kenya hadi Uingereza, na mwaka uliofuata akapata leseni ya kurusha ndege kwa malipo, mwanamke wa kwanza kuipata nchini Kenya.

Hapa ndipo swali la yule mama linapoanzia. Beryl alikuwa rubani wa kukodiwa, bila mshahara wa mwezi wa kutegemea. Alipeleka barua na abiria kwenye machimbo ya dhahabu ya Kakamega, alibeba dawa na wagonjwa, na aliwatafutia wawindaji matajiri tembo kutoka angani. Safari ikipatikana, pesa ilipatikana. Isipopatikana, alikaa bila kipato. Wafanyabiashara wa mpakani wanayaelewa maisha hayo bila kufafanuliwa.

Sifa kubwa aliipata Septemba 1936. Aliondoka Abingdon, Uingereza, akavuka bahari ya Atlantiki peke yake akielekea magharibi, upepo ukimpinga usoni. Baada ya zaidi ya saa 20 injini ilikosa mafuta, akaangukia kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, akiwa hai. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka hivyo kutoka Uingereza, na New York ilimpokea kwa shangwe. Lakini ndege ile haikuwa yake. Ilikuwa mali ya tajiri mmoja wa Kenya, John Carberry. Mwezi huo huo mwalimu wake Campbell Black aliuawa Liverpool, ndege nyingine ilipoigonga ndege yake ikiwa bado chini uwanjani.

Baada ya hapo urubani haukumlisha tena. Alikwenda Marekani, na mwaka 1942 kikatoka kitabu chake cha kumbukumbu, ambacho kilisifiwa kisha kikasahauliwa. Aliporejea Kenya kuelekea mwaka 1950, aliirudia kazi yake ya kwanza, yaani farasi, na farasi wake wakashinda mashindano makubwa ya Kenya Derby mara kadhaa. Hata hivyo, uzee ulimkuta katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio jijini Nairobi, akiwa na dhiki. Kilichomsitiri ni kile kitabu, kilichochapishwa upya Marekani mwaka 1983. Alifariki tarehe 3 Agosti 1986 akiwa na umri wa miaka 83.

Huenda msomaji akasema hayo ni ya kale. Lakini mashirika nayo hufa. East African Airways ilivunjika mwaka 1977. Uganda Airlines ilifungwa mwaka 2001 na ikarudi angani mwaka 2019. Kwa miaka 18 rubani Mganda alilazimika kutafuta kazi kwa wengine. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways, wanaohesabiwa kuwa na mishahara mikubwa katika kanda yetu, waligoma kwa siku kadhaa. Miongoni mwa madai yao makuu ulikuwa mfuko wa akiba ya uzeeni.

Wiki ilipokwisha nilimwendea yule mama. Nilimwambia kwamba rubani mkuu wa ndege kubwa hulipwa vizuri, tena sana, lakini leseni ya kwanza si mwisho wa gharama. Leseni ya biashara hupatikana kwa takriban saa 200 za kuruka, ilhali ile ya kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa hudai saa 1,500. Katikati ya hesabu hizo mbili ndipo vijana wengi hukwama, wakiwa na cheti mkononi na hakuna wa kuwapa ndege. Wengine hugharamiwa mafunzo na shirika, kisha hufungwa na mkataba wa miaka. Ukiondoka mapema, unalipa deni.

Nikamwomba aulize mambo matatu kabla ya kuuza: binti atazipata wapi saa zilizobaki, mkataba unasemaje kuhusu bonasi na akiba ya uzeeni, na shirika likifungwa atashika kazi gani nyingine. Beryl alikuwa na farasi.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba yeye mwenyewe alirudi kutoka uhamishoni akiwa na binti huyo mgongoni na bila shilingi, na kiwanja hicho ndicho kitu cha kwanza alichokinunua. Mnunuzi ameambiwa asubiri. Binti amekwishaandika barua katika shule ya urubani ya Soroti kuuliza karo, na juzi alikuja kwangu kuazima kitabu cha ufundi wa injini.