Muhammed Said Abdulla: Aliyemtafuta Muuaji Badala ya Mchawi

Tajiri akifa ghafla huku kwetu Handeni na Korogwe, maneno huanza kabla matanga hayajaisha. Wapo wanaosema kaugusa mzimu, wapo wanaomtazama mjane kwa jicho la pembeni, na wapo wanaomtaja bibi kizee wa nyumba ya pili. Leo, msikilizaji wetu, tunakueleza maisha ya Mzanzibari aliyeyachukua maneno kama hayo akayatungia hadithi, kisha akatuonyesha njia nyingine ya kutafuta ukweli.

Huyo ni Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 Makunduchi, kusini mwa Unguja, mahali panapojulikana kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Alimaliza masomo mwaka 1938 akaajiriwa katika idara ya afya kuwa mkaguzi, kazi ambayo sisi huiita ya bwana afya. Aliifanya kwa miaka 10. Bwana afya akifika penye ugonjwa wa kuhara haulizi nani kawaroga watu. Hutazama kisima, choo na jalala. Tunavyoona sisi, jicho hilo ndilo alilokuja nalo kwenye vitabu vyake.

Mwaka 1948 aliingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Baadaye alikuwa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 alikabidhiwa Mkulima, gazeti la kilimo, akalihariri hadi alipostaafu mwaka 1968. Kwa hiyo mtu huyu tunayemkumbuka kwa hadithi za mauaji alipata riziki yake miaka hiyo yote kwa kuwahudumia wakulima.

Jina lake lilivuma kwa hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale. Ilishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, na ikatoka kitabu mwaka 1960. Ndani yake, Bwana Ali, tajiri mwenye mashamba, anakutwa amekufa kwenye mzimu. Kwa wengi jibu lingekuwa tayari: mizimu imemchukua. Lakini anatokea Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum na Inspekta Seif wa polisi. Bwana Msa haogopi mzimu wala hamtusi anayeuamini. Anauliza maswali, anapima majibu, na anatafuta binadamu mwenye sababu ya kuua. Jina Msa lenyewe limetokana na herufi za kwanza za majina matatu ya mtunzi.

Baadaye vilifuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974 na vingine. Humo siri za ndoa, uzazi na urithi hujirudia, kwa kuwa penye mali ndipo penye siri. Dunia ile ya mabwana wenye mashamba makubwa ilipinduliwa Januari 1964. Mashamba yalitaifishwa na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Hata hivyo vitabu viliendelea kupendwa na kusomwa shuleni Afrika Mashariki, maana tamaa ya mali haikuondoka na mabwana hao.

Abdulla alifariki Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 72.

Kwa nini tumkumbuke leo? Kwa sababu nchini mwetu wapo wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inamhesabu kuwa mkosaji hata anayemtangazia mwenzake uchawi mtaani. Tena kila kidole kinapomwelekea bibi kizee, muuaji halisi, kama yupo, hupata nafasi ya kwenda zake.

Kikitokea kifo chenye shaka kijijini kwako, mwarifu mwenyekiti na kituo cha polisi, na msiguse kitu mpaka wafike. Anayeagua anaweza kukutajia jina. Mwulize ushahidi uko wapi. Bwana Msa angeanzia hapo.