LEVER, BWANA SABUNI

Jina la Sunlight si geni kwako. Lakini je, wamjua mwenyewe aliyelianzisha?

William Hesketh Lever alizaliwa mwaka wa 1851 mjini Bolton, Uingereza. Baba yake alikuwa na duka la vyakula, na kijana akaingia kazini humo angali barobaro. Enzi hizo sabuni ililetwa kwa miche mirefu, mwenye duka akaikata na kuipima kwa mizani. Lever akawaza: mbona isikatwe kiwandani, ifungwe kwa karatasi na kupewa jina? Mwaka wa 1885 yeye na ndugu yake James wakaanza kuitengeneza huko Warrington. Wee! Ilinunuliwa kama njugu.

Mwaka wa 1888 alianza kujenga kiwanda kipya pamoja na kijiji cha wafanyakazi karibu na Liverpool, akakiita Port Sunlight. Wakati ambapo vibarua wengi wa Uingereza walibanana kwenye vichochoro vya moshi, wake walipata nyumba za kupendeza, bustani, shule na hospitali. Akiwa Mbunge, kuanzia 1906 hadi 1909, alipigania wazee walipwe pensheni. Ila ukifutwa kazi, nyumba nayo huna! Tena hakupenda kuwagawia watu faida mkononi, kwani aliamini wangeitumia ovyo. Alikuwa baba mwema, lakini baba mkali.

Sasa, mafuta ya sabuni yote hiyo yatoke wapi? Hapo ndipo doa linapoingia. Mwaka wa 1911 Lever alitia sahihi mkataba na serikali ya Ubelgiji, akaruhusiwa kujichagulia hadi hekta 750,000 za michikichi katika Kongo. Kituo kimojawapo, kando ya mto Kwilu, kikaitwa Leverville. Mkataba ulimtaka ajenge shule na hospitali, na alipe mshahara usiopungua sentimu 25 kwa siku. Kwenye karatasi mambo yalikuwa shwari kabisa. Kule msituni, maafisa wa serikali na machifu waliwakusanya wanaume kwa nguvu wakaparamie michikichi mirefu na kukata matunda, huku kodi ikiwasukuma wengine. Mwaka wa 1923 daktari wa serikali, Emile Lejeune, aliripoti kwamba chakula na malazi yao yalikuwa duni mno.

Wako wanaomtetea Lever kuwa alikuwa mbali. Mimi sikubali. Alizuru Kongo mara mbili, na safari ya pili ilikuwa 1924 hadi 1925, baada ya ripoti hiyo. Mtu aliyejali hata bustani ya mfanyakazi wa Liverpool alikosaje kuona?

Alirudi kwao, akafariki London tarehe 7 Mei 1925, akiwa na cheo cha Lord Leverhulme. Miaka michache baadaye kampuni yake iliungana na ya Waholanzi, ikawa Unilever. Mwaka wa 1931 Wapende wa Kwilu waliasi kwa sababu ya kodi na kazi hiyo ya mawese. Askari wa Wabelgiji waliwaua zaidi ya 500.

Nyumba za Port Sunlight zingali zinakaliwa, na watalii huenda kuzitazama. Leverville siku hizi huitwa Lusanga.