Maria Mitchell: Mwalimu wa Falaki

Aghalabu Maria Mitchell hutajwa kwa sababu ya nyota yenye mkia aliyoigundua kwa darubini mnamo tarehe 1 Oktoba 1847, ugunduzi uliomletea nishani ya dhahabu kutoka kwa mfalme wa Denmark. Hata hivyo, kazi yake iliyodumu zaidi aliifanya darasani.

Mitchell alizaliwa mwaka wa 1818 katika kisiwa cha Nantucket, Marekani. Hakupata kusoma chuo kikuu. Falaki alifunzwa na babake, kisha akajiendeleza mwenyewe alipokuwa mkutubi. Chuo cha wanawake cha Vassar kilipofunguliwa mwaka wa 1865, aliteuliwa kuwa profesa wa falaki.

Katika ufundishaji wake, mwanafunzi alitakiwa kutazama na kukokotoa mwenyewe, wala si kukariri. Enzi hizo wasichana walitarajiwa kukaa ndani usiku. Yeye aliwatoa nje, kwani nyota hazisomwi mchana. Mwaka wa 1869 alisafiri nao hadi Iowa, na mwaka wa 1878 hadi Denver, kuchunguza kupatwa kwa jua.

Alipogundua kwamba mshahara wake ulikuwa chini ya ule wa maprofesa wanaume wenye umri mdogo kumliko, yeye na mwenzake Alida Avery walidai nyongeza, wakapewa.

Alistaafu mwaka wa 1888, akafariki mwaka uliofuata. Nafasi yake ilichukuliwa na Mary Whitney, aliyekuwa mwanafunzi wake. Mwalimu alipumzika, lakini darasa halikukosa mwalimu.