Ulysses Grant, mtu aliyekata njia za chakula

Wandugu wanafunzi, sisi wa internati tunajua vizuri: bugali ikichelewa, masomo haiingii kichwani. Na jeshi ni vile vile. Tusome maisha ya Ulysses Grant.

Alizaliwa mwaka 1822 katika Ohio, Marekani. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi. Alimaliza masomo ya kijeshi kule West Point mwaka 1843, lakini mwaka 1854 aliacha jeshi. Akajaribu kulima, haikuenda. Mwaka 1860 alikuwa anauzisha tu katika duka la baba yake.

Watu wa kusini walijitenga ili kulinda utumwa, na mwaka 1861 vita ikaanza. Grant akarudi jeshini upande wa kaskazini. Mwaka 1863 alishambulia mji wa Vicksburg, kwenye mto Mississippi. Mara mbili askari wake walirudishwa. Basi akafunga njia zote. Kisha siku 47, tarehe 4 Julai, mji wenye njaa ulijitoa.

Mwaka 1864 alifika Petersburg, katika Virginia. Reli za mji huo zilipeleka chakula Richmond, mji mkuu wa kusini, na kwa jeshi la Jenerali Robert Lee. Mwezi wa Juni Grant alishambulia mbele, na maelfu ya watu wake wakafa ao kuumia. Akageukia reli. Mwezi wa Agosti alikata ile ya Weldon. Toka hapo chakula kililazimika kushushwa mbali na kubebwa na magari ya kukokotwa. Askari wa Lee wakakonda, wengi wakatoroka usiku. Tarehe 2 Aprili 1865 reli ya mwisho, South Side, ikakatwa. Usiku ule Lee akauacha mji, kisha miezi 9 ya kuzungukwa. Tarehe 9 Aprili akajitoa kule Appomattox.

Siku ile ile Grant akaamuru wale maadui wenye njaa wapewe posho ya watu 25,000. Wenye farasi akawaacha waende nao nyumbani kulima.

Alikuwa Prezidenti toka 1869 mpaka 1877, akafa mwaka 1885. Tukumbuke mambo mawili: njaa ilishinda pale bunduki ilishindwa, na aliyekata chakula ndiye aliyekigawa vita ilipokwisha.