Harry Thuku, mpokea simu aliyeanzisha chama

Mtoto mmoja darasani aliniuliza kwa nini watu huunda vyama, na si kila mtu kwenda mwenyewe kwa wakubwa akaseme shida yake. Nikamkumbuka Harry Thuku wa Kenya.

Alizaliwa mwaka 1895 huko Kiambu. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina ya serikali mjini Nairobi, kwa hiyo mambo ya wakubwa yalipita karibu na masikio yake. Wakati huo mwanamume wa Kiafrika alilazimishwa kubeba kipande. Wewe hapa Fanja kitambulisho chako unakitia mfukoni; wao walikitia ndani ya kikopo cha bati na kukining'iniza shingoni, kama mbuzi. Kodi ya nyumba ikapanda hadi shilingi 16. Halafu mwaka 1921 walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara ya vibarua kwa theluthi.

Ngojeni hapo kidogo. Waliwezaje kukubaliana? Walowezi walikuwa na umoja wao zamani, na serikali iliusikiliza. Kibarua mmoja akilalamika, alifukuzwa tu, akaletwa mwingine.

Thuku akaanzisha chama cha vijana wa Kikuyu. Haraka akaona hakitoshi, maana kipande hakikuchagua kabila, akakifanya East African Association, cha watu wote. Wahindi wa Nairobi walimsaidia. Akapeleka simu ya maandishi hadi London, na kazi yake serikalini ikamponyoka. Alipinga pia wasichana kulazimishwa kufanya kazi mashambani, na kwa hilo akina mama walimpenda sana.

Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi. Wanaume walipotaka kurudi nyumbani, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea, akatangulia mbele. Askari wakapiga risasi. Serikali ilihesabu maiti 21, wengine walisema ni zaidi, na Mary alikuwa mmoja wao. Mimi ni muuguzi, nimeona majeraha mengi; hapo kila mara husita kusoma.

Thuku alipelekwa Kismayu bila kesi, akakaa uhamishoni karibu miaka tisa. Kodi ilishushwa hadi shilingi 12 mwaka huohuo wa 1922. Kipande kiliendelea hadi miaka ya 1940. Yeye alirudi kwao Kiambu, akalima kahawa, akafariki mwaka 1970.