Tom Mboya: Mjaluo aliyeaminiwa na wapiga kura wa Nairobi

Uchaguzi ukikaribia, hapa Iguguno kama kwingineko, mgombea huulizwa kwanza ni mtoto wa nani na ametoka kijiji gani. Katika jimbo la mjini swali hilo ni gumu, kwa sababu karibu kila mpiga kura naye ametoka kwingine. Katika makala hii tunamwangalia mwanasiasa aliyekabiliana nalo jijini Nairobi kwa miaka 12, kuanzia 1957 hadi alipouawa 1969.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, katika shamba la mkonge karibu na Thika, ambako baba yake alikuwa msimamizi. Wazazi wake walikuwa Wajaluo wa kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria. Alisomea ukaguzi wa afya, akaajiriwa na halmashauri ya jiji la Nairobi, na huko akaingia katika harakati za wafanyakazi. Mwaka 1953, akiwa na miaka 23 tu, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari na vyama vya siasa vya Waafrika vilipigwa marufuku, hivyo chama cha wafanyakazi kikawa mahali pa kudai haki.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Mboya aligombea kiti cha Nairobi na kumshinda wakili Argwings-Kodhek, Mjaluo mwenzake, kwa tofauti ya kura chache. Lakini uchaguzi ule haukuwa wa wote. Kura ilitegemea elimu, kipato au mali, na Mkikuyu alitakiwa kwanza awe na cheti cha kuthibitisha utii wake kwa serikali. Wakikuyu wengi wa Nairobi hawakupiga kura.

Mtihani wa kweli ulikuja 1961. Haki ya kupiga kura ilikuwa imepanuliwa, na katika jimbo la Nairobi Mashariki Wakikuyu walikuwa wengi. Mpinzani wake mkuu alikuwa Dk. Munyua Waiyaki, daktari Mkikuyu. Kwa hesabu ya kikabila Mboya angeshindwa. Badala yake alipata zaidi ya kura 31,000, na Waiyaki hakufikisha 3,000.

Wapiga kura hao walimfahamu kwa kazi yake. Alikuwa ametetea mishahara ya wafanyakazi wa makabila yote, na mwaka 1959 alisaidia kupeleka kundi la kwanza la wanafunzi 81 kwa ndege kusoma Marekani.

Mwaka 1963 alichaguliwa tena, safari hii katika jimbo la Nairobi ya Kati, eneo ambalo baadaye lilijulikana kama Kamukunji. Alishika wizara kadhaa, ya mwisho ikiwa ya mipango ya uchumi, na wengi walimwona kama mrithi wa Rais Jomo Kenyatta.

Jumamosi, Julai 5, 1969, alipigwa risasi akitoka duka la dawa katikati ya Nairobi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge, Mkikuyu, alihukumiwa kifo kwa mauaji hayo, ingawa swali la nani alimtuma halijajibiwa hadi leo. Waombolezaji walipambana na polisi nje ya kanisa, na chuki kati ya Wajaluo na Wakikuyu ikapanda. Mwezi Oktoba damu ilimwagika Kisumu wakati wa ziara ya Kenyatta, na chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku.

Mboya alizikwa Rusinga, kisiwa cha wazazi wake. Lakini kura zilizompeleka bungeni hazikutoka huko. Zilitoka kwa watu wa mjini ambao wengi wao hawakuzungumza lugha ya mama yake. Tunapowapima wagombea wetu, matokeo ya 1961 yanafaa kukumbukwa: wapiga kura waliangalia alichowafanyia.