Peyer na Tezi Zisizokuwa Tezi

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa biolojia alinijia ofisini akitaka nimwidhinishie istilahi ya Kiswahili ya yale mabaka yaliyomo katika utumbo mwembamba. Nilipomuuliza huyo Peyer ambaye mabaka hayo huitwa kwa jina lake alikuwa nani, alinyamaza. Sikumlaumu, kwa maana hata mimi ilinilazimu kwenda kusoma.

Johann Conrad Peyer alizaliwa mwaka 1653 mjini Schaffhausen, Uswisi. Alisomea utabibu Basel na Paris, kisha akarejea kwao. Bahati yake ni kwamba mjini humo aliishi tabibu Johann Jakob Wepfer, ambaye mnamo 1658 alikuwa amekwisha kueleza kuwa kiharusi chaweza kuletwa na damu kuvuja ubongoni, na ambaye hakuchoka kupasua maiti akitafuta chanzo cha maradhi. Peyer alishirikiana naye, pamoja na somo yake, Johann Conrad Brunner, aliyezaliwa mwaka ule ule.

Mwaka 1677, akiwa kijana wa miaka 23, Peyer alichapisha kwa Kilatini kitabu kuhusu tezi za utumbo. Humo alieleza kwa uangalifu mkubwa vivimbe vidogo vilivyojikusanya kama mabaka, hasa kuelekea mwisho wa utumbo mwembamba. Aliyoyaona ni kweli tupu. Lakini kwa kuwa aliviita tezi, alishika kwamba hutoa maji ya kumeng'enyea chakula; nami, kama mwanaisimu, naona hapo neno lilimtangulia mtu. Brunner alikuwa na bahati zaidi: alizozieleza mwaka 1687 ni tezi hasa, na hutoa ute.

Leo twajua kwamba juu ya mabaka hayo kuna seli maalumu zinazonyakua vijidudu kutoka utumboni na kuvipitisha ndani, ambako chembe nyeupe za damu huvichunguza. Chembe zinazomtambua adui huzaana, husafiri kwa mishipa ya limfu hadi kwenye damu, kisha hurudi katika ukuta wa utumbo na kutoa kingamwili. Matone ya polio tunayowatilia watoto kinywani hutegemea kazi ya namna hiyo. Ajabu ni kwamba bakteria wa homa ya matumbo huutumia mlango uo huo: hujipenyeza kwenye mabaka, yakafanya vidonda, na mgonjwa asiyetibiwa aweza kutoboka utumbo.

Peyer hakuyajua hayo. Mwaka 1685 alitoa kitabu kingine, kuhusu wanyama wanaocheua, na akafariki mwaka 1712 katika mji wake.

Mwanafunzi yule alikuwa ameandika daftarini tezi za Peyer. Nimelifuta neno la kwanza, nikaandika mabaka. Jina la mwenyewe nimeliacha.